Mbuzi Tuliowaficha, Shule Iliyotupita

Mpendwa Baba,

Huko uliko sijui kama kuna wageni wanaokuja kukagua hali ya watu. Kama wapo, nakuomba usiwafiche kitu. Nasikia hao wa huko hufika wakiwa wameshajua.

Mimi niko Mukuyuni, huku Makueni, kwenye duka langu la nafaka, nimekalia gunia la ndengu ambalo mwenyewe alisema atalichukua asubuhi, na sasa jua linateremka. Hakuna mteja. Nikikosa mteja huwa nafikiria, na nikifikiria sana huwa nakukuta wewe. Leo nimekukuta umesimama mbele ya ofisi ya naibu chifu, koti lako la kahawia limeraruka begani. Unalikumbuka koti hilo? Lilikuwa zima, Baba. Ulilirarua mwenyewe asubuhi ile, Mama akiangalia, na wiki iliyofuata akalishona.

Kuna jambo nataka kukuuliza. Ulipokuwa hai sikuuliza, kwa sababu binti wa nyumba yako hakupewa kazi ya kuuliza. Alipewa mbuzi.

Barua hii itasomwa na watu ambao si wa kwetu, kwa hivyo nivumilie niwaeleze mambo unayoyajua. Upande wetu, ukivuka Zombe na kuendelea hadi barabara ianze kujuta, mvua ikikosa tulikula mwolyo. Mwolyo ni chakula cha msaada. Kilikuja kwa lori, mahindi ya manjano na maharagwe yaliyokataa kuiva, kikapimwa kwa mkebe wa Kasuku, ule wa mafuta ya kupikia. Wewe ulikuwa mzee wa kijiji, kazi ambayo mshahara wake ni lawama, na ndiwe uliyepanga watu foleni. Lakini kabla ya lori walitangulia wakaguzi. Walipita boma kwa boma wakichungulia zizi. Wakiona mbuzi, jina lako wanaliruka. Hawakuuliza mbuzi hao ni wa nini.

Sisi tulijua ni wa nini. Walikuwa karo ya Musyoka. Kila muhula ukifunguliwa, mmoja wao aliondoka na hakurudi, na kaka yangu akarudi shuleni.

Basi gari geni likisikika, ulipuliza filimbi. Ulikuwa na milio miwili. Mlio mrefu uliita watu mkutanoni. Mlio mfupi ulituambia sisi watoto: mbuzi korongoni. Tulikuwa hodari, Baba. Hakuna jeshi lililorudi nyuma kwa utaratibu kama ule. Baada ya misimu kadhaa hata mbuzi wenyewe walijifunza. Wakisikia mlio mfupi walianza kuteremka bila kusukumwa, beberu mbele, na wakaguzi wakifika walikuta zizi tupu, samadi mbichi, na wewe na koti lako.

Aliyetugundua ni Mzee Hassan, yule mnunuzi wa mbuzi kutoka Tseikuru, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwembamba mwenye fimbo na kofia nyeupe. Alikata njia ya mkato kupitia korongoni akatukuta huko, watoto na mbuzi wa kijiji kizima, tumenyamaza kama kanisa wakati wa maombi. Alishikashika migongo ya mbuzi akapanda juu kukutafuta. Akakwambia, "Mzee, naambiwa hapa kwenu hakuna kitu. Lakini hiyo hakuna yenu imenona sana." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tangu siku hiyo hakuwahi kukuuliza bei mara mbili, na hakuwahi kumwambia mtu yeyote kuhusu korongo.

Nikifika hapo sina lawama. Nimefanya hesabu yako kutoka kila upande na naona ilikuwa hesabu nzuri. Ungeonyesha mbuzi, tungenyimwa chakula, tungewauza mbuzi kununua chakula, na Musyoka angerudi nyumbani. Uliwaficha kwa ajili ya shule. Sasa hebu tuje kwa ile siku nyingine.

Siku hiyo walikuja wageni wa aina tofauti. Hawakuwa na mizani wala orodha. Walikuwa wanatafuta mahali pa kujenga sekondari ya wasichana, na walisema hivyo tangu mwanzo kwa Kiswahili kinachoeleweka. Tatizo ni kwamba sisi tulikuwa tumeshasikia gari. Filimbi fupi ilikuwa imelia, koti lilikuwa limeraruka, na kijiji kikishaingia kwenye shida yake rasmi hakitoki kwa sababu ya maneno ya mtu.

Nilikuwa ukingoni mwa korongo nyuma ya ofisi, nimelala kifudifudi, mkono wangu umefunga mdomo wa beberu. Nilisikia yote. Kulikuwa na mama mmoja mrefu mwenye viatu vya raba, ndiye aliyeuliza. Aliuliza maji tunapata wapi, ukasema hakuna maji. Akauliza mawe ya kujengea, ukasema mawe ya hapa ni laini, na ulikuwa umesimama juu ya jiwe. Akauliza mchanga. Ukasema hata huo hakuna, na nyuma yako mto wetu mkavu umelala wote mchanga mtupu, mweupe, unaumiza macho. Akauliza kama kuna wasichana wa kutosha.

"Wachache," ukasema. "Na ni wagonjwa wagonjwa."

Baba, mgonjwa mmoja alikuwa hapo nyuma anapigana mieleka na beberu.

Yule mama akautazama mto, kisha akakutazama wewe. Hakuwa na hasira. Nadhani alikuwa anatafuta tu mlango wa kuingilia. Akakuuliza, "Sasa, mzee, nyinyi mna nini?"

Nawe ukavua kofia. "Tuna shida, mama."

Watu wakapiga makofi. Ulikuwa umesema vizuri. Wageni wakatuachia katoni ya biskuti, wakaingia garini, na jioni hiyo kijiji kikakubaliana kwamba ziara ilikwenda sawa, ila hawa wamekuwa bahili kidogo.

Halafu yakaja malori. Sio ya mwolyo. Yalishuka mtoni matupu na kupanda yamejaa, yakipeleka mchanga wetu kwenye ule mgongo wa kilima ng'ambo ya pili, kwa watu waliowaonyesha wageni visima vyao, mawe yao na binti zao. Nilikuwa na wewe kando ya barabara lori la kwanza lilipopita. Ulilitazama mpaka vumbi likatulia. Ukasema, "Huo mchanga ni wetu." Ukaenda nyumbani, na siku hiyo hukula.

Hapo ndipo swali langu lilipo. Ulielewa wakati ule? Au ulikuwa unafikiria tu kwamba tumeibiwa mchanga?

Shule ikajengwa. Paa lake tuliliona likimetameta kila asubuhi. Kufika kule kwa miguu kila siku hakuwezekani, kulala kule kulitaka mbuzi, na mbuzi walikuwa na jina la Musyoka. Nikamaliza darasa la nane, masomo yangu yakaishia hapo. Lakini usidhani nilikaa bure. Vitabu vya Musyoka vikichakaa nilivishusha korongoni. Nimesoma historia na jiografia mbele ya mbuzi, na naweza kukwambia walisikiliza kuliko wanafunzi wengi. Ndiyo maana najiita msomi wa korongo, ingawa hakuna aliyenivalisha joho.

Kisha nikaolewa huku Makueni, na huku ndiko nilikofanya kosa ambalo mama mkwe wangu analisimulia hadi leo kwenye harusi za watu. Nilikuwa bibi harusi wa wiki chache. Asubuhi moja nikasikia gari geni linapanda kuelekea kwetu. Mama mkwe alikuwa shambani. Nikafanya kile ambacho mtu mwenye akili angefanya: nikafungua zizi, nikawapeleka mbuzi wake wote bondeni na kukaa nao kimya kichakani. Mama mkwe akarudi na wageni, akakuta zizi liko wazi. Akapiga mayowe. Majirani wakatoka na mapanga. Wageni, ambao walikuja kuona matuta yake ya kuzuia udongo, wakavua viatu vyao vizuri wakasaidia kutafuta wezi. Waliponipata nimemkumbatia beberu, mama mkwe akaniuliza, "Mwana wa Zombe, unafanya nini?"

Nikamwambia ukweli. "Nimewaficha mbuzi, wageni wasiwaone."

Alinitazama kwa muda, kama mtu anayeona mnyama ambaye hajawahi kuuzwa sokoni. Kisha akawageukia wageni akawaambia, "Huyu ni mke wa mwanangu. Anatunza mali vizuri mno." Akawapeleka kuona matuta, maembe, tangi, na mbuzi pia, mmoja mmoja, kwa majina. Jioni akanikalisha jikoni tukichambua mbaazi. Aliniuliza kama mimi ningemwachia mtoto wangu mtu anayesema hana maji, hana mawe na hana mikono. Nikasema hapana. Akasema, "Basi," na akaendelea na mbaazi zake.

Tangu siku hiyo nimekuwa mdadisi, Baba, na udadisi haulipi lakini hauniachi. Huku ni Wakamba na kule ni Wakamba. Jua ni lile lile, halibadilishi makali likifika kwenye kibao cha mpaka. Sasa tofauti ilitoka wapi? Redioni nimewasikia wasomi wakisema ni mvua, wengine barabara, wengine kwamba serikali za zamani zilitusukumia kwenye ardhi ambayo wao hawakuitaka. Yote ni kweli. Nimeyaona kwa macho. Wala sisemi huku ni peponi. Huku pia kuna watu wanaokula pesa za bomba na bomba lenyewe. Lakini mvua haikukufundisha kurarua koti. Hilo ulifundishwa na mtu.

Nikimtafuta mtu huyo, namkuta mheshimiwa wetu wa wakati ule. Simtaji jina, na kwa jinsi alivyobadilisha vyama sidhani hata yeye analikumbuka vizuri. Unakumbuka ule mwaka mvua ilinyesha vizuri? Ndengu zilijaa hadi tukaweka kwenye masufuria. Alikuja na lori la mwolyo hata hivyo, kwa sababu lilikuwa limeshapakiwa na kura zilikuwa karibu. Jirani yetu, mtu mkweli kupita kiasi, akasimama kushukuru akasema mwaka huu tumevuna. Msaidizi wa mheshimiwa akamshika mkono akamketisha kwa upole, kama mtu anayemsaidia mlevi. Mheshimiwa akaendelea, "Watu wangu wanaumia." Sisi watu wake tukaitikia tumeumia, huku tumeshiba.

Nafikiri walituhitaji hivyo. Kiongozi anayejulikana kwa kuleta gunia, siku gunia lisipohitajika atashika nini mbele ya watu? Na sisi tulimhitaji hivyo pia, tusijifanye. Alikuwa mwalimu, nasi wanafunzi wake bora, na wewe, nisamehe, ulikuwa kiranja.

Nilikuwa nikiamini dawa ni elimu. Watu wakisoma, nilisema, mambo ya korongo yataisha. Hapo ndipo simu ya Musyoka iliponipata.

Musyoka sasa ndiye mzee wa kijiji. Amesoma, ana cheti ameking'arisha kwa fremu, na filimbi yako anaivaa shingoni. Alinipigia asubuhi nikipima kunde. Akasema wageni wanakuja Alhamisi kuangalia kama shule yetu inaweza kuongezewa madarasa ya sekondari. Nikafurahi. Kisha akauliza, "Dada, unaonaje, mbuzi tuwaweke wapi? Korongo siku hizi limemomonyoka."

Nilimwambia nakuja.

Uelewe kwa nini nilifunga duka. Mutheu, binti yake, anamaliza gredi ya tisa. Ana kichwa kizuri na mdomo mrefu, anafanana na mimi, Mungu amsaidie. Shule ya juu iliyo karibu ni ile ya ng'ambo, iliyojengwa na mchanga wetu. Njia ni ile ile, na mvua ikinyesha korongo halipitiki. Kulala kule Musyoka hawezi kulipia. Madarasa yasipojengwa kwetu, Mutheu atakuja Mukuyuni kunisaidia kuuza ndengu, na duka langu halihitaji mtu wa pili wa kufikiria.

Nilimkuta Musyoka ameandaa hotuba. Akanisomea. Ilikuwa ya Kiingereza, nzuri sana, na kila mstari watu wetu walikuwa ama vulnerable ama marginalised. Nikamuuliza maneno hayo kwa Kikamba tunayasemaje. Alifikiria, Baba. Alifikiria kwa uaminifu kabisa. Akasema, "Tuna shida."

Basi nikajua elimu ilikuwa imempa koti jipya, lililoraruliwa na fundi wa mjini.

Sikubishana naye. Ukibishana na mzee wa kijiji mbele ya watu wake unampa sababu ya kutobadilika. Nilimwomba tu filimbi niitazame, nikasema nimeikumbuka. Kisha nikatoka nje nikampigia Mzee Hassan, ambaye sasa ana ndevu nyeupe na pikapu, nikamwomba aje kununua mbuzi Alhamisi, uwanjani mwa shule.

"Alhamisi si siku ya soko," akasema.

"Ndiyo maana."

Nikamsikia anaanza kucheka polepole. "Mama ya korongo," akasema, "wale mbuzi ambao hawakuwepo, sasa wapo?"

Nikamwambia alete pikapu kubwa na bei nzuri. Habari ya bei nzuri kwetu haihitaji filimbi. Alhamisi hiyo, kabla umande haujakauka, uwanja ulikuwa umejaa mbuzi, na waliokuja na mbuzi walikuja na watoto, na wenye ndengu wakaleta ndengu kwa kuwa watu wapo. Musyoka alifika amevaa tai, akashika kichwa. Aliniomba filimbi. Nikamwambia sijui nimeiweka wapi.

Gari la wageni lilisimama langoni kwa muda mrefu kwa sababu mbuzi walikataa kupisha. Kiongozi wao alikuwa dada mdogo kuliko mimi, akashuka akatembea kati ya mbuzi akisalimia watu. Musyoka akakunjua karatasi yake. Alisoma mstari wa kwanza, akafika kwa vulnerable, na hapo hapo nyuma yake beberu wa jirani akalia kwa sauti iliyoshiba, ndefu, yenye afya. Watu wakajaribu kujizuia wakashindwa. Hata yule dada alicheka akafuta macho.

Akamwambia Musyoka, kwa upole, "Mzee wa kijiji, weka karatasi. Niambie tu, nyinyi mna nini?"

Baba, neno kwa neno. Nilihisi kama mkono wangu bado umefunga mdomo wa beberu. Nilimwona Musyoka akivuta pumzi, na midomo yake ikajipanga kulitamka lile jibu lako. Watu wazima wote pale walijua jibu. Wengine walikuwa tayari kupiga makofi. Kisha akamwona Mutheu amesimama mstari wa mbele na sare yake, anamtazama. Akageuza uso kuelekea mtoni. Akatazama huko mpaka nikadhani amesahau ameulizwa.

"Tuna mchanga," akasema.

Hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa kama mtu amevua nguo kanisani. Halafu bibi mmoja nyuma, aliyekuwa anabishana na Hassan kuhusu bei, akasema bila kugeuka kwamba mawe pia yapo, tena magumu, jembe lake linajua. Mwingine akataja kisima chake cha mtoni. Fundi mmoja akasema ana mikono. Ikawa kelele tupu, kila mtu anataja alichonacho, kama soko ambalo kila mtu anauza na hakuna anayeogopa.

"Na wasichana," nikasema mimi. "Wazima."

Wale wazee waliokuwepo siku ile ya koti wakatazama chini.

Wageni hawakuahidi shule. Walisema wataomba mabati na walimu ikiwa kijiji kitaweka mchanga, mawe na maji, na watarudi kuona. Waliondoka bila kutuachia biskuti. Nimelichukua hilo kuwa dalili njema.

Tangu hapo punda wanapanda kutoka mtoni kila asubuhi, na Musyoka yuko nyuma yao bila tai. Juzi alinipigia tena. Alisema lori moja lilisimama kando ya ule mlima wa mchanga uwanjani, dereva akauliza unauzwa bei gani. Nikamuuliza alimjibu nini.

"Nilimwambia huo mchanga ni wetu."

Alisema kwa sauti yako, Baba. Yako kabisa, ila ya mtu ambaye siku hiyo alikula. Nikakata simu nikalia kidogo juu ya ndengu za watu, na ndipo nikaamua kukuandikia. Swali langu nimekuachia pale pale. Nikilisikia neno hilo kwa mdomo wa Musyoka naanza kuamini kwamba ulielewa, kando ya barabara ile, vumbi likitulia, na kwamba hukujua tu umwambie nani. Kama sivyo, usiniambie. Niache niamini hivyo.

Mwenye gunia amefika, lazima nisimame. Filimbi yako iko salama, iko kwenye droo yangu chini ya mizani, na Musyoka hajaiulizia.

Pumzika sasa. Mbuzi wako nje, wanaonekana.

Binti yako,
mchungaji wa mbuzi ambao hawakuwepo